Unataka kwenda ofisi ya jarida la wapenda treni? Soma hii kwanza usije ukarudi kama mimi

Mara ya kwanza nilipoenda ofisi ya jarida la treni nilikaa kwenye kiti cha plastiki masaa mawili na nusu, begani nina begi lenye hadidiski ya picha kama elfu nne hivi, na mtu pekee niliyeongea naye ni dada wa mapokezi ambaye kila akinipita ananiambia "bado kidogo kaka, wako kwenye kurasa". Mi nikadhani ananifukuza kwa upole. Kumbe siku ile ndo ilikuwa siku ya kupeleka toleo kiwandani, na mle ndani kulikuwa na watu wanne hawajanyanyuka kwenye viti tangu asubuhi wanabishana kuhusu picha moja ya zamani, kichwa cha treni kilichoonekana humo ni namba inayoishia na 3 au na 8. Mhariri alipotoka akanisalimia kwa heshima zote, akaiangalia ile hadidiski, akauliza "hizi zina maelezo?" Nikamjibu zote ninazo kichwani. Mzee akacheka, si kwa ubaya, akasema kijana rudi wiki ijayo, usilete elfu nne, lete kumi na mbili, na kila moja iwe na maandishi yake.

Nimesharudi mara nyingi tangu siku hiyo, pale pale na kwa wengine, nimekaribishwa vizuri na pengine nimekaribishwa vibaya, na nikiangalia nyuma naona kila ziara iliyoenda vizuri ilitokana na mambo mawili tu, kwamba nilienda wiki sahihi na kwamba nilichobeba kilikuwa kimeandikwa. Mengine yote ntakayosema hapa ni nyama ya kujazia hayo mawili.

Hakikisha kwanza hiyo ofisi ipo

Usicheke. Majarida ya treni yanahama kuliko treni zenyewe. The Railway Magazine lilianza London Julai 1897, lipo mpaka leo, lakini wanaolitoa sasa hivi, Mortons, wako Horncastle, kamji kadogo ka Lincolnshire, Uingereza, ambako treni ya mwisho ya abiria ilikatizwa 1954. Yaani unaenda kuwatembelea watu wa treni na treni haikufikishi, inabidi ushukie mbali umalizie kwa barabara. Trains la Marekani nalo lilianza Novemba 1940 Milwaukee chini ya mchapishaji Kalmbach, ambaye kabla ya hapo alishakuwa na jarida la Model Railroader tangu 1934, kampuni ikahamia Waukesha, halafu 2024 majarida yake ya treni yakauzwa kwa Firecrown wenye makao Chattanooga. Sasa wewe umeokota toleo la 1985 sehemu, umechukua anwani ya mle ndani, umepanga safari... unaona inapokwenda. Hata Tetsudō Fan la Japani, lililopo tangu 1961, mtu akilisikia anakimbilia Tokyo, wakati mchapishaji wake Kōyūsha ni wa Nagoya.

Kwa hiyo chukua toleo jipya kabisa unaloweza kulipata, fungua kurasa za mwanzo, tafuta kile kisanduku chenye maandishi madogo ya kuumiza macho, chenye majina ya mhariri na wenzake. Anwani ya pale ndo ya kuamini. Na ukiwa pale pale soma vyeo, maana huyu ni mhariri mkuu, huyu ni wa habari, huyu ni wa picha, huyu anashughulikia matangazo. Wengi tunakosea hapo, tunamwandikia mkubwa wakati wa picha ndo angetujibu siku hiyo hiyo. Ukimwandikia wa matangazo ndo umekwisha, atakuuzia nafasi ya robo ukurasa.

Halafu kuna majarida ambayo hayana ofisi kabisa. Vyama vingi vya wapenda treni vina jarida lao, wahariri wake ni wanachama wanaojitolea, na "ofisi" ni meza ya mtu nyumbani kwake. RCTS (Railway Correspondence and Travel Society) cha Uingereza ni mfano wa hao, chama cha tangu 1928 na jarida lao The Railway Observer. Majarida ya namna hii huombi kutembelea ofisi, maana unaomba kuingia nyumbani kwa mtu. Uliza mikutano yao ni lini, nenda huko, mhariri utamkuta amekaa mstari wa nyuma na daftari. Kiukweli hao wa kujitolea ndo wenye muda wa kuongea na wewe na ndo wajuzi zaidi, mtu anaweza kukueleza tofauti ya bogi mbili kwa dakika arobaini bila kumeza mate.

Wiki gani uende

Hapa ndo penyewe. Jarida la kila mwezi lina mzunguko wake na usipoujua utakuwa kero hata kama wewe ni mtu mzuri namna gani. Kwa ufupi ni hivi, kuna siku za kukusanya, habari na picha zinaingia, watu wanapanga ukurasa upi upewe nani. Kisha kuna siku za kupanga kurasa na kuhariri. Halafu kuna zile siku tatu nne za moto ambapo prufu (kurasa za majaribio) zinasomwa, kapsheni, yaani maandishi ya chini ya picha, zinahakikiwa, mafaili yanatumwa matbaa. Baada ya hapo kuna siku mbili tatu za kupumua kabla gurudumu halijaanza tena. Hizo za kupumua ndo zako.

Usijidanganye ukahesabu kwa tarehe iliyoandikwa kwenye jalada. Majarida mengi yana tabia ya kutoka kabla ya mwezi wake, toleo linaitwa la Juni unalikuta mezani mwa muuzaji Mei, na lilifungwa mapema zaidi ya hapo. Ukienda "mwanzoni mwa mwezi ili niwakute wametulia" unaweza ukatua katikati ya moto. Dawa ni kuuliza, swali moja tu fupi kwenye simu au barua pepe: "toleo linalofuata linafungwa tarehe ngapi?" Ukiuliza hivyo wanajua mara moja unajua unachofanya, na nina uhakika nusu ya mialiko yangu imetokana na swali hilo na si na picha zangu.

Mida ya siku pia ina maana. Asubuhi mapema wanasoma barua na kugawana kazi. Mi naomba kuanzia mchana ukishakolea, nusu saa. Omba nusu saa, usiombe siku nzima. Wakipenda wenyewe watakuongezea, nishawahi kuomba nusu saa nikatoka taa za barabarani zimewaka.

Barua ya kuomba

Iwe fupi. Sema wewe ni nani, una nini, unataka kuona nini, unaweza kufika lini. Hii hapa ni ya kwangu ambayo nimeitumia na kuibadilisha badilisha:

"Habari za kazi. Mimi ni msomaji wenu wa miaka mingi, napiga picha za treni za mizigo na napima mwendo wa treni za abiria. Nina slaidi 12 za vichwa vya dizeli vikiwa kwenye siku zao za mwisho za kazi, zote zina tarehe, mahali na namba. Naomba nusu saa baada ya toleo lenu kufungwa niwaonyeshe, na kama itawezekana nione mnavyopanga kurasa. Nipo huru siku yoyote wiki hiyo. Nimeambatanisha mbili ndogo mzione."

Basi. Usieleze ulivyoanza kupenda treni ukiwa na miaka minne umebebwa mgongoni, hao watu wote walianza hivyo hivyo. Usiambatanishe picha thelathini za megabaiti ishirini kila moja, utaziba sanduku lao na jina lako litakumbukwa kwa hilo. Mbili zinatosha. Na usipojibiwa ndani ya siku kumi andika tena mara moja kwa upole, ikipita hiyo tulia subiri toleo lingine.

Unabeba nini

Nenda na kitu, hata kama ni kidogo. Ukienda mikono mitupu kuona tu, watakuonyesha kompyuta na printa na utarudi. Lakini mtu akija na kitu mezani watu wanasogeza viti.

Kama ni picha, kila moja iwe na haya: tarehe kamili, mahali (si "karibu na mto", sema kati ya stesheni gani na gani, na kama kuna nguzo ya kilomita iandike namba yake), treni inaelekea upande gani, namba ya kichwa na aina yake, inavuta nini, na jina lako. Kama ni kichwa cha mvuke andika mpangilio wa magurudumu, na useme unatumia mtindo gani, maana 2-8-2 ya wanaohesabu magurudumu ndo hiyo hiyo 1′D1′ ya wanaohesabu ekseli, na nishaona watu wazima wakigombana kumbe wanasema kitu kimoja. Upana wa njia ya reli pia usiuache, kama ni milimita 1435 au 1067 au 1000, hasa kama picha inatoka nchi ambayo ina zaidi ya moja. Hiyo 67 tu ya tofauti huwezi kuiona kwenye picha kwa macho ukiwa mbali, na ndo mahali pazuri pa kuaibika mbele ya wasomaji.

Namba. Jamani namba. Kama hujaiona vizuri andika "sina uhakika na tarakimu ya mwisho". Hilo halikupunguzii heshima, linakuongezea. Mhariri anaogopa mtu mwenye uhakika wa uongo kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu wasomaji wa jarida la treni hawasamehi, kosa la tarakimu moja linaleta barua nyingi kuliko makala nzima iliyomshinda mwandishi.

Kuhusu saizi, hesabu yenyewe ni nyepesi. Matbaa wanataka nukta 300 kwa kila inchi, kwa hiyo ukurasa mzima wa A4 ni pikseli 2480 kwa 3508, na picha ya kurasa mbili zikiwa zimefunguka ni 4960 kwa 3508, kama megapikseli 17 na kitu. Kamera nyingi za siku hizi na baadhi ya simu zinafika hapo, tatizo linakuja ukizituma kwa WhatsApp kama picha za kawaida, inazibana mpaka zinabaki za kutazama kwenye kioo tu. Weka kwenye flashi, faili la asili, hujakata wala hujaongeza rangi. Wao watakata.

Tena kuna siri nilifundishwa na mpangaji kurasa mmoja. Aliichukua picha yangu niliyoipenda kuliko zote, treni imekaa katikati kabisa, akaifungua kwenye kurasa mbili halafu akaweka kiganja chake wima katikati ya kioo. "Hapa ndo mkunjo." Uso wote wa kichwa cha treni ukapotea chini ya kiganja. Tangu siku hiyo nikipiga ya kulala najitahidi treni ikae upande mmoja wa fremu. Na kama una ndoto ya jalada, piga ya wima, acha anga la kutosha juu kwa ajili ya jina la jarida, na chini kona moja iwe haina kitu cha maana maana pale ndo msimbo wa bei unakaa. Picha nyingi nzuri sana hazijawahi kuwa jalada kwa sababu tu moshi ulipanda mpaka mwisho wa fremu.

Kama una slaidi za zamani (vile vipande vya filamu ya rangi kwenye fremu ndogo), za kwako au ulizorithi, zibebe kwenye karatasi zake za plastiki, usizirundike kwenye bahasha zikasuguana. Kodachrome, filamu ya Kodak iliyotoka 1935, inatunza rangi vizuri sana ikikaa gizani, lakini haipendi kuwashwa kwenye projekta mara kwa mara, inachuja haraka, kwa hiyo kama babu yako alikuwa anawaonyesha wageni kila wikiendi usishangae zile alizozipenda ndo zimefifia zaidi. Shika slaidi kwenye fremu tu, usiguse filamu. Na huwezi kutengeneza nyingine, maabara ya mwisho iliyokuwa inazisafisha, kule Kansas, iliacha kupokea mwisho wa 2010.

Nilimwona mhariri mzee, yule yule wa kwanza, akishika slaidi moja, akaiweka kwenye meza ya taa, akainamisha lenzi, kimya, kisha akaigeuza upande wa pili na kuirudisha. "Hii imewekwa kinyume kwenye fremu yake." Hakukuwa na maandishi yoyote kwenye ile picha, namba ilikuwa imefunikwa na mvuke. Nikamuuliza amejuaje. Akaninyoshea dereva aliyechungulia dirishani, "kwa vichwa hivi dereva anakaa upande ule". Baada ya hapo akaniambia pa kuangalia siku nyingine, upande usiong'aa ndo wenye emalshani, ule utando wenye picha. Somo kama hilo hulipati kwa kusoma.

Kama wewe si mtu wa picha

Usijione huna cha kupeleka. Kuna wanaopima mwendo, na hawa wahariri wanawapenda kwa sababu namba zao zinaweza kuhakikiwa. Unakaa dirishani na stopuochi, unabonyeza kila nguzo ya kilomita, halafu 3600 unagawa kwa sekunde ulizopata. Sekunde 45 ni kilomita 80 kwa saa, 36 ni 100, 30 ni 120. Unaandika kila nguzo, unaandika mahali mliposimamishwa na ishara, mabehewa mangapi, na uzito kama umeambiwa. The Railway Magazine walianzisha safu ya mambo haya 1901 chini ya Charles Rous-Marten, na imeendelea kupitia mikono ya waandishi wengine kwa miongo na miongo.

Huyo Rous-Marten ndo aliyekuwa ndani ya treni ya barua tarehe 9 Mei 1904 wakati kichwa cha mvuke City of Truro kinashuka mlima wa Wellington, huko Uingereza. Robo maili moja alipata sekunde 8.8. Ukifanya hesabu, 900 (robo ya 3600, kwa kuwa ni robo maili) gawa kwa 8.8, inakuja maili 102.3 kwa saa, na kwa kichwa cha mvuke wakati ule ilikuwa kasi ya kushangaza. Lakini stopuochi za wakati ule zilikuwa zinahesabu kwa moja ya tano ya sekunde, yaani sindano ikiruka hatua moja tu mbele unapata 9.0, na 9.0 ni maili 100 kamili. Watu bado wanabishana mpaka leo, na ubishi wote umekaa juu ya hatua moja ya sindano kwenye kiganja cha mtu ndani ya behewa linalotikisika. Kwa hiyo ukipeleka vipimo vyako peleka daftari la asili lenye mikwaruzo na kufutafuta, usipeleke tu jedwali safi ulilochapa baadaye. Mhariri mzuri ataomba daftari.

Ratiba za zamani, tiketi, barua za babu aliyefanya kazi relini, ramani ya stesheni iliyochorwa kwa mkono, vyote vinafaa. Nyaraka za ndani za shirika la reli ambazo umepewa na mtu "kimya kimya" ziache nyumbani, utamweka mhariri pabaya na huyo rafiki yako pabaya zaidi.

Siku yenyewe

Fika kwa muda, si mapema sana, dakika tano zinatosha. Salimia mapokezi vizuri na utaje jina la mtu uliyeandikiana naye. Utashangaa jinsi ofisi ilivyo ya kawaida. Mi nilitegemea taa za ishara ukutani na kengele ya stesheni mlangoni, nikakuta meza sita, nyaya, maboksi, na kalenda moja ya treni, tena ya mwaka uliopita. Ofisi nyingine zina watu wawili tu wanaofanya majarida matatu. Usionyeshe umevunjika moyo.

Omba kuona vitu vitatu. Kwanza ukuta au skrini ya kurasa, ile orodha ya toleo zima ikiwa imepangwa kama vijistempu, utaona kurasa zinaenda kwa mafungu ya nane au kumi na sita kwa sababu karatasi kubwa ya matbaa inakunjwa hivyo, na utaelewa kwa nini makala yako ilikatwa aya mbili, haikuwa chuki. Pili, omba kuona kapsheni moja inavyohakikiwa kuanzia mwanzo. Mimi nilikaa nyuma ya kijana mmoja akihakiki mistari mitatu kwa dakika ishirini na tano, anafungua orodha ya vichwa, anaangalia tarehe kilipoondolewa kazini, anaangalia kivuli kwenye picha kama kinakubaliana na saa iliyoandikwa. Kivuli! Treni imeandikwa ya asubuhi na kivuli kinaelekea mashariki, maana yake jua liko magharibi, ni jioni. Akafuta "asubuhi" akampigia mpiga picha.

Tatu ni maktaba, kama wanayo. Matoleo ya zamani yaliyojalidiwa kwa miaka ndo hazina ya ofisi yoyote. Nawa mikono, ikaushe, usivae glavu za nyuzi kwa karatasi nyembamba utaichana, funua kwa kona ya juu, usilaze kitabu kikavunjika mgongo. Kalamu ya wino weka mfukoni, andika kwa penseli. Nenda na orodha ya kitu unachotafuta, mfano mwaka na njia, maana ukianza kufunua tu hivi hivi utajikuta unasoma matangazo ya viatu vya 1910 na muda umeisha.

Usipige picha skrini zao. Hata kama wamekuonyesha wenyewe, hata kama ni jalada zuri mno la mwezi ujao. Kuna habari wamepewa kwa ahadi ya kutotoa kabla ya tarehe fulani, rangi mpya ya treni, kichwa kinachorudishwa relini, na ukiitupa mtandaoni siku hiyo wanaoumia ni wao kwa shirika la reli. Mtu mmoja alifanya hivyo sehemu ninayoifahamu na tangu hapo wageni wote wanakaa chumba cha nje.

Na wakati wa kuonyesha picha zako usisimulie. Weka, kaa kimya, waache waangalie. Wakiuliza jibu. Wakikuuliza ulikuwa umesimama wapi ulipopiga hii, sema kweli, kwa sababu wanauliza kwa makusudi. Majarida mengi hayatoi picha iliyopigwa na mtu aliyesimama ndani ya njia bila kibali, hata ingekuwa nzuri kama ndoto. Kama ulikuwa ndani ya uzio hiyo picha iache nyumbani tangu mwanzo.

Kabla hujaondoka

Wakitaka kubaki na kitu, sawa, lakini kiandikwe. Slaidi ngapi, za nini, zitarudi lini, nani kazipokea, sahihi. Mi nilikuwa naona aibu kudai karatasi kwa watu waliokuwa wananitania kama mdogo wao, nikaacha slaidi tano ofisi moja kwa neno la mdomo, ofisi ikahama, mhariri akabadilika, na mpaka leo slaidi zile ziko kwenye boksi fulani mahali fulani. Kama wana skana, omba waskani pale pale uondoke nazo.

Uliza pia wanachukua haki gani. Kutumia mara moja kwenye toleo ni jambo moja, kutumia kwenye tovuti, kalenda na toleo maalumu ni jambo lingine, na kuhamishiwa haki zote ni jambo la tatu ambalo mi binafsi silikubali. Uliza kama wanalipa. Si utovu wa adabu. Wengine wanalipa, wengine wanakupa nakala za toleo, wengine jina lako tu chini ya picha, na kujua mapema ni bora kuliko kununa baadaye. Kama picha si zako, za marehemu mjomba mfano, lazima ujue nani katika familia ana sauti juu yake kabla hujazitoa.

Ukisharudi

Siku ya pili tuma ujumbe wa mistari mitatu wa kushukuru, na ndani yake ujibu kile ulichoshindwa kujibu pale. Daima kuna kimoja. "Mliniuliza jina la ile stesheni ndogo, nimeangalia daftari, ni hii." Hapo umekuwa mtu wa kutegemewa, wakikwama na kitu cha upande wako watakutafuta wewe.

Kisha subiri, na kusubiri kunaweza kuwa miezi. Picha inasubiri makala inayofanana nayo. Usiulize kila wiki, na kama kwa sababu yoyote umeipeleka picha ile ile kwa jarida lingine waambie wote wawili, hakuna kitu kibaya kama majarida mawili kutoka mwezi mmoja na picha moja.

Ikitoka, isome kapsheni kabla ya kupiga kelele za furaha. Ya kwangu ya kwanza ilitoka nusu ukurasa, nzuri, jina langu liko sahihi, na mwaka umekosewa kwa miaka sita. Nikawaandikia kwa hasira kidogo, naona hata aibu kukumbuka. Wakanijibu kwa kunitumia skani ya karatasi yangu mwenyewe niliyowapa, mwandiko wangu, na ile 1 ya mwisho kwenye mwaka imeandikwa kwa mkia mrefu juu inaonekana 7 kabisa. Sahihisho likatoka mwezi uliofuata, mstari mmoja chini ya barua za wasomaji. Siku hizi kila 7 yangu naikata kistari katikati.